Kuhusu saa ya kumlinda brathako anayetumia unga

Dadangu, umeuliza kama kuna saa ama kifaa unaweza kumvalisha brathako kimwokoe akizidisha heroini. Pole sana kwa hiyo presha. Kifaa kipo lakini bado ni cha watafiti, mwaka wa 2021 Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani walionyesha kimoja cha kubandika tumboni, kinafuatilia vile mtu anapumua na pumzi ikikatika kinamdunga chenyewe naloksoni, ile dawa ya kukata nguvu ya heroini mtu akizidisha, sasa hicho usikitafute hapa tao. Saa za kawaida za kupima oksijeni usizitegemee, hazidungi mtu dawa.

Mimi ningeanza na Mathari, ile hospitali ya Nairobi, kuna kliniki ya methadoni (dawa ya kumsaidia mtu aache heroini) tangu 2014, na uulizie naloksoni huko huko. Na tafadhali asitumie akiwa peke yake!! Ukimpata haamki, anakoroma vibaya ama midomo imebadilika rangi, ita ambulensi, mpulizie pumzi mdomoni, mpe naloksoni kama iko, na hata akiamka usitoke hapo juu naloksoni huisha nguvu baada ya dakika 30 hadi 90 na heroini inaweza kuwa bado iko mwilini, akazima tena.