Plasta Yenye Nyufa, Mchanga Uliochambuliwa na Udongo wa Njoro

SWALI: Salamu kutoka Ahero. Nanunua mchanga wa mto kwa lori, nachanganya simiti moja kwa mchanga nne, lakini plasta inaingia nyufa nyembamba kama nywele. Mwenzangu mmoja asema mchanga ni mchafu, mwingine asema ni laini mno. Nitajuaje kabla sijaulipia? – Fundi

JIBU: Fundi, hizo ni kasoro mbili, na kila moja ina kipimo chake.

Tuanze na uchafu. Usichote ukingoni mwa lundo, kwa sababu punje kubwa hubingirika hadi chini na kukudanganya. Chimba ndani, mahali kama sita, uchanganye. Gawa mafungu manne, bakiza mawili yanayotazamana, rudia mpaka ubaki na vikombe viwili. Yeyusha kijiko cha chai cha chumvi katika nusu lita ya maji. Tia mchanga hadi nusu ya chupa nyoofu ya kioo, ongeza maji ya chumvi hadi robo tatu, tikisa sana, kisha iache saa tatu bila kuigusa. Pima kwa rula kimo cha tope lililolala juu, gawanya kwa kimo cha mchanga, zidisha kwa 100. Likizidi 8, mchanga uoshwe au ukatae. Chumvi usiiache: bila hiyo chembe za mfinyanzi husukumana na kuelea kwa siku kadhaa, chumvi huzishikanisha zikazama. Dereva wa lori hatakusubiri saa tatu, kwa hiyo omba sampuli siku moja mapema.

Ulaini hupimwa kwa machekeche. Osha nusu kilo, kausha, pitisha kwenye milimita 2.36, 1.18, 0.6, 0.3 na 0.15, ukipima uzito uliobaki kwenye kila moja. Zaidi ya nusu ikikaa kwenye chekeche moja, una mchanga wa saizi moja. Punje zinazolingana huacha mapengo karibu asilimia 40 ya ujazo, ziwe nene au laini, na mapengo hayo hujazwa na simiti na maji. Isitoshe, kipenyo cha punje kikipungua nusu, eneo la kulowanisha huongezeka maradufu kwa uzito uleule. Maji hayo ya ziada yakikauka, plasta husinyaa na kupasuka. Usikimbilie kuongeza simiti, itasinyaa zaidi. Ongeza mchanga mnene uliopita chekeche la milimita 5, kidogo kidogo, ukipima upya.

SWALI: Kitabu cha jiografia kinasifu mchanga "uliochambuliwa vizuri", yaani wa saizi moja. Mhadhiri wa uhandisi asema mzuri ni wenye saizi nyingi. Nani sahihi? – Mwanafunzi, Kisumu

JIBU: Wote wawili. Mwandishi wa jiografia anauliza maji au upepo ulifanya nini. Mawimbi ya ziwa hupepeta mchanga wa ufukweni mpaka zibaki punje zinazolingana. Mto Nyando ukifika tambarare ya Kano hupoteza kasi, ukatua mchanga mnene kwanza na kubeba tope mbele. Mhandisi anauliza kama punje ndogo zitaziba mapengo ya kubwa. Huchukua saizi ambayo asilimia 60 ya uzito ni ndogo kuliko hiyo, akaigawanya kwa ile ya asilimia 10. Milimita 0.9 kwa 0.12 ni 7.5, mchanga ukifikia 6, na mchoro wa mgawanyo wa saizi zake usiwe na saizi iliyorukwa, husemwa umepangika. Milimita 0.35 kwa 0.2 haifiki hata 2, huo ni wa saizi moja.

SWALI: Nilipima udongo wa shamba kwa chupa, nusu ukaelea! – Mkulima, Njoro

JIBU: Hizo ni chembe za volkano zenye matundu ya hewa. Zilizoelea zitoe, zikaushe, uzipime peke yake. Hata zinazozama hushuka polepole kwa wepesi wake, zikahesabika kama tope ilhali ni mchanga. Kwa hiyo lisugue tabaka la katikati, kati ya mchanga na tope, kwa vidole: likikwaruza, lihesabu upande wa mchanga. Na kwa udongo wa shamba tia kijiko cha sabuni ya unga, si chumvi, kwani hapa unataka chembe zitengane.