Kwa dada aliyeuliza kama mdogo wake aache chuo afuate mbio za baiskeli

Dada, umesema mdogo wako ana miaka 19, ana kasi, na anataka kuacha chuo awe mwendesha baiskeli wa kulipwa. Nimesoma swali lako mara mbili, kwa sababu mimi niliacha chuo kwa ajili ya baiskeli.

Miguu isikutie wasiwasi. Nairobi tunaishi karibu mita 1,700 juu ya bahari. Msichana anayeteremka Barabara ya Magadi alfajiri kisha akapanda tena hadi Kona Baridi bila kushuka kwenye baiskeli ana mapafu ya kutosha. Tunachokosa ni kundi. Kwenye mashindano yetu wanawake tulikuwa kumi, kumi na wawili. Nusu saa tu, kila mtu yuko peke yake.

Mbio yangu ya kwanza Ubelgiji, 2021, tulianza zaidi ya mia kwenye barabara nyembamba ya mashambani. Upepo ukaanza kupiga kutoka ubavuni. Wa mbele wakajipanga mshazari, kila mmoja akijikinga kwa mwenzake, hadi barabara ikajaa. Ukikosa nafasi pale unabaki ukingoni, upepo wote wako. Gurudumu langu lilikuwa kiganja kimoja nyuma ya la aliyenitangulia. Nikaogopa, nikagusa breki. Kugusa tu. Pengo likawa mita tatu, likawa kumi, halafu magari ya timu yakaanza kunipita. Nguvu bado nilikuwa nazo, hilo ndilo lililoniuma. Baadaye nilifundishwa kwamba ndani ya kundi huvuti breki ovyo: unainua kifua kidogo, upepo unakupunguza mwendo.

Pesa sasa. Mshahara wa chini uliowekwa na UCI, shirikisho la baiskeli duniani, ulianza 2020, euro 15,000 kwa mwaka, kwa timu za daraja la juu peke yake. Timu yangu ilikuwa ya daraja la chini: ilinipa kitanda na baiskeli, ndiyo hayo tu. Nauli ya ndege niliyoahidiwa kurudishiwa sijaiona hadi leo. Oktoba ya mwaka huo wa 2021, Paris–Roubaix ya wanawake, mbio ya Ufaransa inayopita kwenye barabara za mawe, ikafanyika kwa mara ya kwanza. Mwingereza Lizzie Deignan alichomoka peke yake zaidi ya kilomita 80 kabla ya mwisho, akapita kwenye yale mawe hadi usukani ukaingia damu ya mikono yake, akashinda. Zawadi yake euro 1,535. Ya mshindi wa wanaume 30,000. Nililia mbele ya televisheni.

Lakini nisimkatishe tamaa. Mwangalie Kimberley Le Court wa Mauritius: alijaribu Ulaya, akarudi, akaendesha baiskeli za milimani Afrika Kusini kwa miaka, akapata timu kubwa 2024. Mwaka uliofuata akashinda Liège–Bastogne–Liège, mbio kubwa ya Ubelgiji, na kuvaa jezi ya manjano ya anayeongoza kwenye Tour de France ya wanawake.

Kwa hiyo asiache chuo mwaka huu. Akipata mwaliko, aombe ruhusa ya kuahirisha masomo, na mkataba usomwe na wakili kabla hajaweka sahihi: mshahara ni kiasi gani, tiketi ni ya nani, akivunjika mfupa wa bega nani analipa hospitali. Wakati huo aendeshe na wanaume, ndani ya kundi, kila wiki.

Kama mko upande wa Ngong, niandikie inbox. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi huwa tunatoka watu ishirini hivi. Aje na tyubu mbili na pampu, akae nyuma ya gurudumu langu.