Kabla Hujaflashi, Shika Multimita

Mota ya mhimili wa X kwenye printa ya 3D au mashine ya CNC inatetemeka bila kuzunguka, na jambo la kwanza analofanya mgeni ni kuflashi famwea upya, yaani kuipakia tena bodi programu inayoiendesha. Haikusaidia? Anashusha toleo jingine, anaflashi tena. Jioni ikifika ana matoleo matatu, faili mbili za usanidi asizojua ipi ni ipi, na mota inatetemeka vile vile, kwa sababu shida ilikuwa nyaya mbili zilizobadilishana nafasi kwenye plagi. Linauma kulitazama, maana bodi za kuendesha mashine hizi ni huria: mchoro wa sakiti upo, msimbo upo, kila pini ina jina lake. Kwa nini mtu abahatishe? Haya basi ni kwa ajili yenu mnaoanza, muwe na bodi ya RAMPS au Smoothieboard, au bodi inayoendeshwa na famwea ya Marlin, GRBL au Klipper.

1. Jozi za koili.

Mota ya stepa (inayozunguka kwa hatua) yenye nyaya nne ina koili mbili. Zima umeme, chomoa plagi, pima omu: nyaya za koili moja zitakupa omu chache, nyaya za koili tofauti hazitakupa kitu. Kama multimita haipo karibu, gusanisha nyaya mbili kisha zungusha shafti kwa vidole. Ikiwa ngumu ghafla, umepata jozi. Rangi za nyaya msiziamini, kila kiwanda kina mpangilio wake, na kebo nyingine huvusha nyaya katikati bila alama yoyote kwa nje. Mota inayonguruma bila kuzunguka, kwanza shuku jozi zilizochanganyika au koili moja isiyofika kwenye draiva, ile moduli ndogo inayopeleka mkondo kwenye mota. Ile inayozunguka vizuri ila upande usio wake haina ugonjwa. Geuza koili moja, au geuza mwelekeo kwenye usanidi: $3 kwa GRBL, alama ya `!` kwenye pini ya DIR (ya mwelekeo) kwa Smoothie na Klipper.

Na tafadhali, plagi ya mota haichomolewi umeme ukiwa umewashwa. Koili ina nishati ndani yake, na mkondo ukikatwa ghafla nishati hiyo hupanda kuwa volti kubwa inayotafuta njia ya kutokea, na njia yenyewe ni draiva. "Nilichomoa sekunde moja tu" inatosha kabisa kuiua.

2. Draiva. Hapa tukae.

Kosa hili wengi wetu tuliotangulia tumelifanya, tena baada ya kuonywa, kwa hiyo hatulisemi kwa kuwacheka. Moduli ya draiva ya A4988 ina pini 16, safu mbili za nane nane, na inaingia kwenye soketi yake pande zote mbili kwa urahisi ule ule. Hakuna kizuizi. Mgeni anatoa A4988, anaweka draiva ya aina nyingine, DRV8825, na anaipanga kwa kutazama potenshiometa (kile kiskrubu cha kurekebisha mkondo): ilikuwa upande huu, basi na hii iwe upande huu. Lakini potenshiometa za moduli hizi mbili ziko kwenye ncha zinazotazamana. Anayefuata potenshiometa anaigeuza moduli nyuzi 180.

Fuateni pini kwa kidole muone kinachotokea. Moduli ikigeuka, pini yake ya DIR inakaa mahali pa VMOT, pini ya umeme wa mota. Pini iliyotengenezwa kwa volti 3.3 au 5 inapokea 12 au 24 nzima. Chipu ya draiva inakufa papo hapo, lakini hilo ni hasara ndogo. Volti hizo hupita ndani ya chipu hadi kwenye laini ya umeme wa mantiki, na kutoka hapo zinaweza kufika kwenye prosesa ya bodi, na kama USB imechomekwa, hata kwenye kompyuta. Yote hayo kabla mkono haujafika kwenye swichi.

Kisha linafuata kosa la pili, ambalo ndilo linalogharimu zaidi. Mtu anatoa draiva iliyoungua, anaweka nzima kwenye soketi ile ile, haifanyi kazi, anaweka ya tatu. Jamani, simameni kwanza! Baada ya ajali ya namna hii toeni draiva zote, washeni bodi kwa USB peke yake, mpime kati ya 5V na graundi. Pakiwa sawa, nendeni kwenye soketi yenyewe: tuma amri ya kusogeza mhimili kwenda na kurudi, huku ncha ya multimita iko kwenye pini ya DIR. Inapaswa kubadilika kati ya 0 na 5, au 0 na 3.3 kwenye bodi za biti 32. Pini ya EN (ya kuwasha draiva) inashuka karibu na 0 mota zinapoamriwa kushika, na inapanda zinapoachiwa. Pini isiyobadilika imekufa kwenye prosesa, na draiva mpya haitaifufua. Kama bodi ina soketi ya ziada, hamisha mhimili huo huko na ubadilishe namba za pini kwenye usanidi. Hapo, na hapo tu, kuflashi kuna maana.

Mwelekeo sahihi unasomwa kwenye maandishi: EN ya moduli kwenye EN ya soketi, GND kwenye GND. Ukishachomeka, tazama kwa ubavuni kama pini zote nane zimeingia; moduli iliyoruka tundu moja inaua sawasawa na iliyogeuzwa.

Sasa mkondo. Kwa A4988, Vref (volti mnayopima kwenye potenshiometa) ni mkondo mara 8 mara rezista ya kupimia. Rezista hizo ni zile mbili ndogo kando ya chipu, zimeandikwa R100, R068 au R050, yaani omu 0.1, 0.068 na 0.05. Ukitaka ampea 1, ya R100 inataka volti 0.8, ya R068 inataka 0.54, ya R050 inataka 0.4. Mgeni anasikia "weka 0.8", anaweka, na rezista zake ni R050. Amepeleka ampea 2. Draiva inapata joto, inajizima kujiokoa, inapoa, inawaka tena, na kwa muda huo mfupi mota imepoteza hatua kumi au mia. Kazi inatoka imehama upande, naye anaenda kukaza mikanda. Ukiona mota inanyamaza kidogo kisha inaendelea, gusa hitisinki (kipande cha chuma cha kupoza chipu) kabla ya kugusa mkanda. A4988 bila hitisinki wala feni isipelekwe zaidi ya ampea 1 hivi.

DRV8825 yenye R100 ni rahisi kukumbuka: mkondo ni Vref mara mbili. Ila haina umeme wake wa mantiki kutoka kwenye bodi. Unaipima pawa saplai ya mota ikiwa imewashwa, la sivyo utasoma sifuri na kudhani imekufa. A4988 inapimika kwa USB pekee kwenye RAMPS. Bisibisi iwe ya kauri au plastiki. Ya chuma ikiteleza kati ya potenshiometa na pini ya jirani, mnarudi mwanzo wa namba hii.

Kapasita ya maikrofaradi 100 karibu na VMOT si pambo. Anayetumia moduli kwenye ubao wa majaribio bila hiyo ataona draiva zinakufa wakati wa kuwasha tu, kwa sababu nyaya ndefu hurusha volti juu ya kile kilichoandikwa kwenye pawa saplai.

3. Hesabu ya hatua.

Hatua 200 kwa mzunguko, mara mgawanyo wa hatua ndogo, gawa kwa milimita za mzunguko mmoja. Puli ya meno 20 na mkanda wa GT2 ni milimita 40, kwa hiyo 200 × 16 ÷ 40 = 80. Skrubu ya T8 inayosogea milimita 8 kwa mzunguko: 3200 ÷ 8 = 400. Jampa tatu (vile viunganishi vidogo chini ya draiva) zote zikiwepo, A4988 iko kwenye 1/16 na DRV8825 iko kwenye 1/32. Ndiyo maana mashine "imeanza kutembea nusu" baada ya kubadilisha draiva. Kwenye Klipper ni `rotation_distance: 40` na mgawanyo unaandikwa peke yake.

Msiipinde namba hii ili kufidia kazi iliyotoka fupi kwa milimita 0.3. Puli iliyolegea kwenye shafti haiponi kwa hesabu.

4. Thamani za zamani.

Kwenye Marlin unabadilisha hatua ndani ya Configuration.h, unaflashi, na mashine inaendelea na namba za jana. EEPROM, kumbukumbu ya bodi inayobaki na thamani zilizohifadhiwa, ndiyo inayotawala. Tuma M502 kurudisha thamani za famwea, kisha M500 kuzihifadhi, kisha M503 kuhakikisha. Kwenye GRBL tuma `$$` na unakili yote kwenye faili la maandishi kabla ya kugusa chochote, maana `$RST=$` inafuta bila kuuliza.

5. Swichi za kikomo.

Msijaribu kutafuta nyumbani (mashine kusogea hadi kwenye swichi ili ijue sifuri yake) kabla ya kujaribu swichi kwa kidole. M119 kwa Marlin na Smoothie, `QUERY_ENDSTOPS` kwa Klipper, na `?` kwa GRBL 1.1, ambapo herufi za mhimili huonekana baada ya `Pn:`. Bonyeza, tuma, tazama. Achia, tuma, tazama. Swichi inayosoma kinyume inageuzwa kwenye usanidi, si kwa kuhamisha waya kwa kubahatisha. Kwenye RAMPS kuhamisha waya ni hatari kweli: swichi ikiwekwa kati ya + na −, kila inapobonyezwa inaunganisha 5V na graundi moja kwa moja.

Wenye mashine za CNC mna shida yenu. Spindo, mota inayozungusha kisu, inawashwa, na GRBL inatoa ALARM:1, yaani kikomo kimeguswa, wakati hakuna swichi iliyoguswa. Rezista ya ndani ya prosesa ya ATmega328P inayoshikilia pini juu ni dhaifu, kilo-omu 20 hadi 50, kwa hiyo kelele ya umeme wa spindo inaivuta pini kirahisi. Tumieni swichi zilizofungwa kwa kawaida, NC, pamoja na `$5=1`. Hapo pini inashikiliwa na graundi muda wote, na waya ukikatika mashine inasimama badala ya kuendelea kuligonga fremu. Ongeza kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini na graundi kwenye bodi, kebo yenye ngao iliyofungwa graundi upande mmoja tu, na uitenge mbali na kebo ya spindo. Kama hata hivyo Z peke yake haisomi, angalieni toleo: GRBL 0.9 na 1.1 zinatumia pini D11 kwa kasi ya spindo na D12 kwa kikomo cha Z, wakati bodi nyingi za zamani zimeandikwa Z kwenye D11.

6. Joto na teminali.

Kosa la MINTEMP ni thamista (kihisi cha joto) iliyokatika au kuchomoka, MAXTEMP ni nyaya zake zilizogusana. Kwenye Klipper vyote viwili vinakuja kama "ADC out of range". Thamista ya kawaida ina kilo-omu 100 kwa nyuzi 25. Ipime kwenye plagi ya upande wa bodi, ili kebo nayo iwe imepimwa. Ulinzi wa joto kwenye famwea hauzimwi. Hata kwa jaribio la dakika mbili.

Teminali za kitanda cha joto (bamba la printa linalopashwa) zinatutia hofu kuliko kitu kingine chochote kwenye mashine hizi. Kitanda cha volti 12 na wati 120 kinavuta ampea 10. Wageni wanapaka lehemu kwenye ncha ya waya ili nyuzi zisitawanyike, kisha wanaikaza kwa skrubu, na inaonekana safi. Lehemu ni laini, inasinyaa polepole chini ya skrubu, mbano unalegea, ukinzani unapanda. Ukinzani wa omu 0.1 kwa ampea 10 ni wati 10 za joto ndani ya teminali ndogo ya plastiki. Plastiki inageuka kahawia, halafu nyeusi, halafu inawaka. Tumieni mirija ya shaba ya kubana ncha za nyaya, kazeni tena baada ya saa chache za kwanza za joto, na mpime huku kitanda kinapasha: ncha moja ya multimita kwenye waya, nyingine kwenye shaba ya bodi. Makumi machache ya milivolti ni salama. Ukisoma karibu na volti 1, zima sasa hivi.

RAMPS 1.4 ni ya volti 12. Diodi D1 ikiwa bado ipo na ukaipa 24, volti hizo zinaenda kwenye Arduino Mega, bodi iliyo chini yake, isiyoziweza.

7. Kadi na faili.

Famwea ya Smoothie huwekwa kwenye kadi ya SD kwa jina la `firmware.bin`, na ikishakubaliwa jina lake linageuka kuwa `FIRMWARE.CUR`, lisipogeuka, bodi haijaisoma, na kadi isiyo ya umbizo la FAT32 ndiyo ya kushukiwa kwanza. Toa kadi kwenye kompyuta kwa utaratibu kabla ya kubonyeza kitufe cha kuwasha upya, la sivyo faili la `config` linaharibika. Taa 1 na 4 ziwe zimewaka, 2 na 3 zipepese. Kwenye Klipper, unapotaja bodi iliyochomekwa kwa USB, andika njia ya `/dev/serial/by-id/`, maana `ttyUSB0` inaweza kuwa `ttyUSB1` baada ya kuwasha upya. Na ukitaka kujua mota ipi ni ipi kabla ya kuamini usanidi wowote, `STEPPER_BUZZ STEPPER=stepper_x` inaisogeza milimita moja mbele na nyuma mara kumi, mikanda ikiwa imefunguliwa.