Jibu: Kusubiri toleo kubwa au kutoa kidogo kidogo?

Ndugu, umeuliza kama kutoa mabadiliko ya programu ya kompyuta kila siku si hatari kuliko toleo kubwa la kila miezi 3. Mimi naona ni kinyume kabisa: mabadiliko yakiwa machache, kosa hujulikana upesi na kurudi toleo la awali ni rahisi. Flickr, tovuti ya kuweka picha, walieleza tangu 2009 kwamba walitoa mabadiliko zaidi ya mara 10 kwa siku.

Hatari kubwa ni kazi ya mikono. Kwa mfano, katika Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani, Agosti 2012, fundi alisahau kuweka programu mpya kwenye seva (kompyuta zinazoendesha programu) 1 kati ya 8. Zaidi ya dola milioni 400 zikapotea ndani ya dakika 45 hivi. Anza na majaribio yanayojiendesha, halafu andika skripti (maagizo ambayo kompyuta hutekeleza yenyewe) ya kupeleka programu kwenye seva zote. Toleo jipya wapate watumiaji wachache kwanza.