Mwanangu ana kisukari, nimpikie chakula chake peke yake?

SWALI: Habari za kazi. Mtoto wangu wa kati ana miaka 9, ana kisukari aina ya kwanza huu mwaka wa pili, anachoma insulini ya mchanganyiko (ya haraka na ya taratibu pamoja) asubuhi na jioni. Nampikia chakula chake mwenyewe, dona na mboga, chai bila sukari, wenzake wanakula wali na chapati kama kawaida. Mama mkwe anasema wanga nisimpe kabisa. Juzi nimekuta karatasi za biskuti chini ya godoro lake na asubuhi hiyo sukari ilisoma 17. Nimemchapa, alafu nikalia mimi. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana mama. Nipo kliniki ya watoto upande wa lishe na hizo karatasi chini ya godoro nimeshasimuliwa na wazazi wengi, kwa hiyo usione umeshindwa kulea.

Nianze na jambo kubwa: pikeni sufuria moja. Mtoto wa miaka 9 akikaa mkekani na kisahani chake wakati wenzake wanachovya chapati kwenye maharage, anachojifunza hapo ni kwamba chakula kizuri kinaliwa kwa kujificha. Na akila kwa kujificha ndo hatari yenyewe, maana wewe unachoma dozi ukijua kala dona kumbe tumboni kuna pakiti ya biskuti, dozi hiyo haiwezi kulingana hata siku moja.

Kuhusu wanga, muelewesheni bibi taratibu kwa heshima. Zamani kabla insulini haijaanza kutumika, yaani kabla ya 1922, watoto hawa walinyimwa chakula ili wasogeze siku tu, walikonda wakabaki mifupa. Leo mwanao anapewa insulini, anakua, anacheza, wanga anauhitaji. Tena ukimchoma kisha ukamnyima ugali sukari itashuka, na kushuka kunaua haraka kuliko mnavyodhani.

Alafu dona sio dawa. Ina makapi zaidi ya sembe ndio, lakini bado ni mahindi, mlima wa dona unapandisha sukari kuliko kipande kidogo cha sembe. Uji wa lishe nao hivohivo, unga umesagwa laini unapanda chap. Asali pia ni sukari. Kwa hiyo angalia kiasi: wanga wa mlo mmoja uwe robo ya sahani, robo nyingine maharage, dagaa, samaki au yai, nusu iliyobaki mboga za majani, na kipimo kisibadilike badilike, leo kijiko kimoja cha wali kesho vitano. Chapati ikiwepo ale chapati, ila wali siku hiyo aache. Na nyumba nzima ipunguzeni sukari kwenye chai, baba akiwemo, hakuna atakayedhurika.

Muda sasa, hapa ndo familia nyingi zinateleza. Insulini ya mchanganyiko ukishachoma inaendelea kufanya kazi masaa mengi utake usitake, achome kama nusu saa kabla ya kula, saa nne shuleni lazima apate kitu, na chakula cha mchana kisichelewe. Ongea na mwalimu wake. Akitetemeka, akitoka jasho au akawa mkali ghafla, mpime, ikisoma chini ya 4 (kwa mashine inayosoma mmol/L) mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji au soda ya kawaida nusu glasi, subiri dakika 15 upime tena, ikishapanda ndo ale chakula. Chokoleti hapana, mafuta yake yanachelewesha. Akizimia usimmiminie chochote mdomoni, mlaze ubavu mkimbize hospitali.

Biskuti na keki za sherehe asizione kama bangi. Aombe, mjadiliane, ale kipande mezani pamoja na mlo na wali upungue.

Hiyo 17 usiibebeshe biskuti peke yake. Shika anapochoma, kama pana uvimbe mgumu insulini hainyonywi vizuri, hamisha sehemu. Insulini yenyewe inakaa wapi, kwenye joto? Hana homa? Na ikiendelea kuwa juu hivyo huku anatapika, anaumwa tumbo au anahema kwa nguvu, usisubiri kliniki, nenda hospitali usiku huohuo, na insulini usiikatishe eti kwa sababu hajala.

Kumchapa naomba iishe, mama. Kesho atakudanganya hata namba za kwenye mashine, na hizo namba ndo macho yetu. Mwambie tu "umekula nini tujue", akisema ukweli mshukuru.

Wiki hii andika kwenye daftari kila alichokula, saa aliyochoma na sukari ilisoma ngapi, hata zile mbaya usizifute. Dozi usibadilishe mwenyewe, njoo nalo kliniki tulipitie, na bibi mje nae.