Talanoa ya Fiji kwenye meza ya tabianchi

Ndugu, umeuliza kama mila zinaweza kweli kuongoza mazungumzo ya mataifa kuhusu tabianchi. Zimeshafanya hivyo. Fiji ilipokuwa rais wa COP23, mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi wa 2017, ilileta talanoa, kikao cha watu wa Pasifiki ambamo kila mtu hueleza yaliyomkuta na hakuna kulaumiana. Mei 2018, mjini Bonn, Ujerumani, wajumbe wa mazungumzo hayo waligawanywa makundi 7 ya watu 35 hivi, wakajibu maswali matatu: tuko wapi, tunataka kwenda wapi, tutafikaje? Serikali zilikaa duara moja na asasi za kiraia, jambo adimu mno kule! Ilipokwama ni Katowice, Poland, kwenye mkutano uliofuata, Desemba mwaka huo: nchi zilialikwa tu kuzingatia matokeo ya talanoa, hazikubanwa. Mkiiga, amueni kabla ya kikao nani atayafikisha yaliyosemwa kwa wenye kuamua.