Mpinzani akiingilia mnada baada ya mwenzako kufungua: dabo kwanza

Mkuu, umeuliza hivi kuhusu mchezo wa karata wa bridge, ambao wenzi wawili hunadi kwanza kabla ya kucheza: mwenzako amefungua mnada kwa uru 1 (namba ni ngazi ya kauli), mpinzani akaingilia kwa shupaza 1, na wewe umeshika shupaza 8-6-2, kopa mfalme-malkia-7-3, uru ghulamu-5, pau mfalme-9-6-4. Pointi 9 (ree 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1). Ukapita, na mwishowe mkagundua mlikuwa na karata 8 za kopa baina yenu ambazo hakuna aliyezitaja.

Jibu la mkono huo ni dabo, kauli ambayo kwa asili huongeza maradufu thamani ya mnada wa mpinzani. Angalia njia nyingine zinavyofungika moja moja. Kauli ya kopa 2 inadai karata 5 za kopa na pointi 10 au zaidi, maana unampeleka mwenzako ngazi ya pili na halazimiki kuwa na nguvu za ziada. Pau 2 vilevile. Bila turufu 1 (kucheza bila aina inayotawala nyingine) inahitaji kizuizi cha shupaza, yaani karata kubwa ya kuwasimamisha wapinzani, na 8-6-2 haizuii chochote. Kupita kunaificha kopa, aina yako nzuri kuliko zote. Inabaki dabo, ambayo hapa haina maana ya kuwaadhibu wapinzani. Inasema: nina karata 4 za kopa, nina pointi 6 au zaidi, na sina kauli nyingine inayonifaa.

Utaratibu huu aliuleta Alvin Roth wa Marekani mwaka 1957, na wachezaji wakaupa jina la Sputnik kwa kuwa chombo hicho cha anga kilirushwa mwaka huohuo. Kabla ya hapo dabo ya namna hii ilikuwa ya adhabu. Ukifikiri kidogo utaona kwa nini haikudumu: ni mara chache sana unakuwa na shupaza za kutosha kumwadhibu mtu aliyenadi shupaza 1 tu, lakini mkono kama wako wewe unakuja kila tunapokaa mezani.

Sasa kuna sehemu moja ninayoipenda kuliko zote. Mwenzako akifungua uru 1 na mpinzani akasema kopa 1, wewe bado una nafasi ya kusema shupaza 1. Basi gawanyeni kazi: shupaza 1 inaonyesha karata 5 au zaidi, dabo inaonyesha 4 kamili. Tofauti hiyo ya karata moja inamsaidia sana aliyefungua, hasa mnada ukipanda haraka, kwa sababu akiwa na karata 3 za shupaza anajua papo hapo kama mmefika 8 au la. Mpinzani amekuingilia, na bado mnaelezana vizuri kuliko ambavyo mngeelezana angekaa kimya. Akifungua pau 1 na mpinzani akasema uru 1, dabo inaonyesha karata 4 za kopa na 4 za shupaza pamoja. Ukiwa na moja tu, itaje.

Na ukiwa na karata 6 za kopa lakini pointi 7 tu, katika mnada ule wako wa shupaza 1? Dabo kwanza, kisha uzinadi kopa zamu yako ikirudi. Mwenzako ataelewa kwamba kopa ni ndefu na nguvu ni chache, maana ungekuwa nazo ungesema kopa 2 moja kwa moja.

Wengi huishia hapo kwenye dabo, wakasahau nusu ya pili ya makubaliano, na hapo ndipo nimeona wachezaji wazuri wakipoteza pointi bure. Chukua mkono huu: shupaza mfalme-8-4, kopa 6 peke yake, uru ree-malkia-10-8-3, pau ghulamu-9-5-2. Mwenzako amefungua kopa 1, mpinzani amesema uru 2. Unatamani kuwaadhibu, ila dabo yako sasa ingeonyesha karata 4 za shupaza na mwenzako angeikimbia kwa kunadi tena. Unapita kwa utulivu. Mnada unarudi kwake, na yeye akiwa na karata 2 za uru au pungufu ana wajibu wa kupiga dabo, hata kama alifungua kwa nguvu za chini. Wewe unapita tena, na sasa dabo imekuwa ya adhabu. Wajibu huo wa aliyefungua ndio unaoushikilia utaratibu wote. Mwenzi asiyeamka katika zamu hiyo anakufanya uogope kupita, na ukiogopa kupita utaanza kunadi vitu usivyonavyo.

Kitu cha pili alichokupa mpinzani kwa kuingilia ni aina yake mwenyewe, ambayo unaweza kuitaja kama ishara. Mwenzako amefungua kopa 1, mpinzani akasema shupaza 1, na wewe una shupaza 7-3, kopa mfalme-ghulamu-8-5, uru ree-malkia-6-4, pau 9-7-2. Sema shupaza 2. Hakuna anayetaka kuzicheza. Maana yake ni kwamba unaziunga mkono kopa na una pointi 10 au zaidi. Kwa kuwa mikono yenye nguvu imepata njia yake, kuruka hadi kopa 3 kunabaki kwa mkono dhaifu wenye karata 4 za kopa, kuwabana wapinzani kabla hawajaelewana. Kopa 2 ni ya kawaida, pointi 6 hadi 9 na karata 3.

Bila turufu 1 nayo imebadilika. Mpinzani akiwa kimya huwa ni kauli ya kujiokoa yenye pointi 6 tu. Akishaingilia, mwenzako ana zamu nyingine hata ukipita, kwa hiyo ukiisema uwe na pointi 8 hadi 10 na kizuizi cha kweli.

Mpinzani akiingilia kwa dabo badala ya kutaja aina, hayo yote yanapangwa upya: ridabo (kuiongeza maradufu tena dabo yao) kwa pointi 10 na kuendelea, bila turufu 2 kwa karata 4 za kumuunga mkono mwenzako na nguvu za kukaribisha geimu, yaani kauli ya juu yenye bonasi. Hilo linahitaji mjadala wake.

Umeuliza pia dabo hii ifike ngazi gani. Mimi na mwenzangu tumekubaliana hadi shupaza 3, na kadiri mnada unavyopanda ndivyo pointi zinavyopanda: 6 zinatosha ngazi ya kwanza, karibu 8 ya pili, 10 ya tatu, kwa sababu mwenzako atalazimika kujibu juu ya hapo. Wengine huishia shupaza 2, na si vibaya. Chagueni ngazi moja, muiandike kwenye kadi yenu ya makubaliano, na wapinzani wakiuliza dabo hiyo ina maana gani waelezwe yote, kwa kuwa ni haki yao.